Visahani vya Piano Kubwa

Naikumbuka vizuri, mwanangu, wiki ambayo kanisa letu hapa Nyeri lilipokea piano kubwa ya miguu mitatu. Nilikuwa mwalimu kijana, msimamizi wa kwaya, mwenye vyeti vingi na subira haba. Akina mama walikuwa wametandika zulia jipya mbele ya mimbari, na mwenyekiti wao, Mama Wangari, akanipa sharti: zulia likiharibika, piano itapelekwa stoo.

Piano haiwekwi juu ya zulia hivi hivi. Chini ya kila gurudumu huwekwa kisahani cha kusambaza uzito. Mimi, badala ya kupima, niliuliza watu. Kuuliza si ujinga. Kumuuliza asiyejua ndio ujinga. Mwenye duka mmoja wa mji wa Kutus alinihakikishia kwamba magurudumu ya piano yote ni sawa, nami nikanunua visahani vyake vya plastiki. Wahenga walisema masikio hayapiti kichwa. Yangu siku hiyo yalipita. Tulipoishusha piano, gurudumu moja lilikaa ukingoni mwa kisahani, nacho kikapasuka, na kipande chake kikatoboa zulia.

“Mwalimu,” akasema Mama Wangari, “hii zulia tulileta ya kutobolewa?”

Mzee Gachoki, seremala wa kanisa, akaokota kile kipande.

“Nani alikuambia hii itatosha?”

“Watu wa Kutus, mzee. Walisema magurudumu yote ni sawa.”

“Na gurudumu iko Kutus ama iko hapa?”

Kwaya yangu yote ikacheka. Mzee akachana ukanda wa gome kavu la mgomba, akapima gurudumu la kwanza, kisha akaniachia mengine. Moja lilikuwa pana kuliko wenzake.

“Ati yote ni sawa?” akauliza.

Akachonga visahani vitatu vya mti mgumu, kila kimoja kwa kipimo chake: shimo la kumeza gurudumu, kitako kipana, na kipande cha blanketi chini yake. Mama Wangari akapiga magoti, akapitisha kiganja kuzunguka kila kimoja, polepole.

“Basi ikae,” akasema. Tundu alilishona mwenyewe.

Mwanangu, piano yako ikifika, usinunue kisahani kabla ya kupima gurudumu. Chagua kipana, kilicho laini chini. Na neno la watu, hata likisemwa na wengi, lipeleke kwanza kwenye kipimo. Mungu akupe macho ya kupima, na watu wa kukukosoa mapema. Nyumba yako isikose wimbo.