Trekta Yenye Madigadi Mapana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja ya matrekta mjini Nyeri, sikushika spana. Fundi mkuu, mzee wa Kisikh asiyependa maneno mengi, alinipeleka uani kwenye trekta iliyofungwa plau ya sahani tatu. Akaiinua plau kwa haidroli, ile mikono ya nyuma inayosukumwa na mafuta, kisha akaniambia niitikise trekta kwa mbele. Nikacheka. Nilipoishika nikahisi mbele pote pamekuwa pepesi.

“Rangi wacha,” akaniambia. “Angalia mbele. Mbele ikiwa nyepesi, mlimani itasimama wima ikuue. Funga vyuma vya uzito kwanza.”

Ninyi vijana mnauliza nguvu za farasi tu, halafu mnajiona wajuzi. Sisi tuliuliza pia kama spea zinapatikana Nyeri au mpaka zitoke Nairobi. Tuliuliza kama magurudumu ya nyuma yanaweza kutanuliwa, maana miteremko ya Tetu si uwanja wa mpira. Tuliiingiza gia ya chini kabisa kwenye udongo mwekundu uliolowa, tukasikiliza injini inalia vipi. Hayo yote niliyajua. Ndiyo maana hadi leo situlii.

Miaka michache baada ya uhuru niliajiriwa kuwa fundi wa chama cha wakulima upande wa Kiganjo. Walikuwa wameungana kununua shamba la mzungu, wakagawana vipande. Walikuwa na desturi moja: siku ya kulimiwa, mwenye kipande hupanda juu ya madigadi, kile chuma kinachofunika gurudumu la nyuma, akae hapo achungulie plau. Walimshuku dereva kwamba huiinua kidogo ili amalize haraka.

Basi tukaletewa trekta mbili za kujaribu. Moja ilikuwa nzito mbele na madigadi yake membamba. Ya pili ilikuwa nyepesi mbele, lakini madigadi yalikuwa mapana, watu wawili wakae bila kubanana. Kamati ikaipenda hiyo papo hapo. Nilipinga. Nikasema mwenye shamba asimame kando ya mfereji wa plau. Wakaanza kunong'ona ati nimekula njama na madereva. Nikasema basi tungoje vyuma vya uzito kutoka Nairobi ndipo tulime.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akasukuma mbele yangu karatasi ya kuikubali ile trekta. “Fundi, mvua iko karibu na hawa watu wamengoja sana. Hizo vyuma zitakuja. Weka sahihi.”

Nikaweka. Sikulazimishwa na bunduki. Nilichoka kubishana, na nilitaka wanipende.

Wiki ya pili ilikuwa zamu ya Mama Wangari, mjane. Dereva alikuwa akipanda kilima, plau ikanasa kwenye mzizi, mbele ikainuka. Dereva alikanyaga klachi upesi na trekta ikarudi chini kwa kishindo, lakini mama alikuwa ameshateleza mbele ya gurudumu la nyuma, nalo likamkanyaga mguu. Aliokoka. Mguu wake wa kushoto ulikatwa hospitalini.

Sikwenda kumwona. Niliomba kazi Karatina, kisha Nanyuki kwa meneja wa mashamba ya ngano, kisha Kangema. Kila nilikokwenda nilikuwa mkali. Mtu akipanda madigadi, nazima injini na kuondoka na ufunguo, hata akiwa mkubwa wa kazi. Wakaniita kichwa ngumu. Mimi mwenyewe nilijua nilikuwa nikikimbia nyumba moja tu.

Baada ya kustaafu nilishindwa kukaa kitako. Nikaamka asubuhi moja nikaenda Kiganjo. Mama Wangari alinikaribisha kwa chai, mkongojo wake umeegemea ukuta. Nikamweleza yote: nilivyoikataa ile trekta, kamati ilivyonishuku, mwenyekiti alivyonisukumia karatasi. Nilisema upesi upesi, nikingoja aniambie hayakuwa makosa yangu.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Mimi niliogopa hiyo trekta,” akasema. “Nilikuwa nataka kutembea kando. Nikauliza mwenyekiti kama iko sawa. Akaniambia, mwanangu, kwamba fundi ameiangalia na ameweka sahihi. Basi nikapanda.”