Hamira Yangu Imechemshwa

Watu wangu, leo nimelilia hamira.

Ni hamira niliyoibadilisha mwenyewe kwa masomo yangu, kwenye maabara hapa Juja. Hamira ya kawaida hubandika minyororo mirefu ya sukari kwenye protini zake. Ukitengeneza dawa na protini hizo, mwili wa mtu unaweza kuzikataa. Yangu ilikuwa imeanza kubandika sukari fupi, kama zetu sisi binadamu.

Asubuhi nimefungua friza, nikapata imesafishwa.

Wanjiru, ambaye nafanya kazi naye, akaniambia polepole, "Maandishi ya zile chupa yalikuwa yamefutika. Nilidhani ni taka, nikazichemsha kuua vijidudu kabla ya kutupa."

Zote. Hata za akiba.

Nikampigia mamangu, yuko Kalimoni.

"Si ununue ingine dukani?"

"Ya dukani haijui, mum. Hii nilikuwa nimeifundisha."

"Na ilikuwa imeshika?"

"Ilikuwa imeshika."

"Ai, pole mtoto wangu. Kuja nyumbani basi."

Hapo ndipo nilipolia. Wanjiru amenishika mkono, naye analia.

Kama niliwahi kukupa hata kachupa kamoja ka hamira hiyo, tafadhali niambie; hata kidogo kinatosha kuikuza tena. Uwe Ruiru, uwe Thika, nakuja kukachukua leo.