Oili Niliyomchagulia Baba

Oili ikidondokea ekzosi ya moto hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayokaa kooni hata ukishaondoka pale. Mjini Kasulu naipata karibu kila siku, maana bodaboda mbovu hazijaisha. Wengine huziba pua na kupita. Mimi moyo hunishuka, nikajiona tena nina miaka kumi na moja, nasukuma pikipiki ya baba kwenye vilima vya kwenda Munanila, jua linatuacha.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Kibondo. Baba alikuwa seremala wa milango na vitanda, na pikipiki yake aliinunua ikiwa imeshachoka mikononi mwa watu wengine wawili. Aliipangusa vumbi jekundu kila jioni kabla hajanawa uso wake. Shule aliiacha darasa la pili, kwa hiyo Kiingereza changu cha shuleni alikihesabu kama mali ya nyumba. Mfuko wa saruji, kopo la rangi, karatasi ya dawa, vyote nililetewa nisome. Nami, nikiri tu, nilikuwa na maringo. Neno nisilolijua nililitamka kwa sauti kubwa zaidi, kwani nani angenikosoa?

Msimu wa kuvuna maharage, asubuhi moja, jirani alikuja mbio na simu yake mkononi. Bibi, mama yake baba, alikuwa amezidiwa huko Munanila. Alikuwa anatuulizia sisi wawili, baba na mimi niliyelelewa naye mpaka nikaanza shule. Basi lilikuwa limeshaondoka. Baba akasema tutakwenda kwa pikipiki, ila safari ndefu namna ile hawezi kuianza na oili iliyokwisha kuwa nyeusi kama masizi. Tukapitia dukani kwa Bwana Athumani, mfanyabiashara wa Tanga aliyeuza vipuri karibu na soko.

Bwana Athumani alitoa chupa ya oili ya kawaida, ile nzito ambayo baba aliizoea. Kwenye rafu ya juu ilikuwapo nyingine, ya sintetiki, chupa inang'aa kama ya manukato, na bei yake karibu mara tatu. Baba akaiangalia sana. "Fundi, hiyo wanunua wenye magari," Bwana Athumani akamwambia. "Pikipiki yako mtu mzima, mpe alichozoea." Baba alinipa zile chupa mbili, moja kila mkono. "Soma, mwanangu. Ipi nzuri?" Niliyasoma maandishi yote ya ile inayong'aa, na nilichoelewa hakikuzidi maneno matatu, kwamba inalinda, ina nguvu, ni bora. Picha ya gari niliiona. Nikasema, "Hii, baba." Akatabasamu, akamwambia mwenye duka kwamba rahisi ni ghali, na siku ya kwenda kumwona mama mzazi si siku ya kubana mkono. Akabadilisha oili palepale.

Mpaka daraja la Malagarasi pikipiki ilikwenda kwa ulaini ambao baba aliusifu kwa kelele, upepo ukiyachukua maneno yake. Tulipoipita Kasulu na kuanza kupanda vilima, mambo yakageuka. Injini ilinguruma kwa nguvu zote lakini tairi halikupata mwendo. Baba alikaza waya wa klachi, akaulegeza, akaukaza tena. Oili ikaanza kuvuja chini, ikadondokea ekzosi, moshi ukatufunika. Kila mlima tuliteremka kwenye pikipiki tukasukuma, yeye ameshika usukani, mimi niko nyuma nimeegemeza mikono kwenye kiti, machozi na jasho vimechanganyika. Lori moja la mahindi lilitupita limejaa watu hadi juu. Baba alilipungia mkono, halikusimama.

Tulifika jioni. Kabla hatujaiona nyumba ya bibi tulisikia wanawake wakilia. Shangazi alituambia kwamba tangu mchana bibi alikuwa akiuliza tumefika wapi, na alasiri akaacha kuuliza. Baba aliilaza pikipiki chini, hakuisimamisha hata kwa stendi, akaingia ndani na mikono yake myeusi kwa oili.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu hapa Kasulu, fundi mmoja aliyenitengenezea pikipiki alinieleza bila kujua anachonifanyia. Sintetiki yenyewe haina ubaya, alisema, ila hiyo ya magari ina utelezi mwingi, na klachi ya pikipiki inaogelea katika oili ileile ya injini. Kwenye pikipiki nzee, tena, sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, zimechakaa, oili nyepesi inapita. Nilimlipa, nikasahau hata kuchukua chenji.

Siku hizi kuna lami, na safari iliyotumalizia siku nzima mtu anaimaliza na bado akawahi chakula cha mchana. Vijana wanauliza simu zao oili ipi inafaa. Baba amezeeka, anaishi kwangu, na wageni wakija huwasimulia jinsi binti yake mdogo alivyosoma chupa mbele ya mwenye duka. Mwaka jana nilijikaza nikamweleza ukweli wote, klachi, sili, na picha ya gari niliyoiona nikanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Usiitetee ile pikipiki, mwanangu. Wewe ulinichagulia nzuri kuliko zote. Yenyewe ndiyo haikutaka nimwone mama yangu."