Paneli Isiyopaswa Kupanguzwa

Mimi si mtu wa kusamehe. Mama yangu alisali sana juu ya jambo hili mpaka akachoka. Kwa hiyo nitaeleza nilivyomlipa mkuu wetu wa utafiti, na sitajifanya kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Kampuni ilikuwa ikitafuta dawa ya kupaka paneli za sola, utando wa nano mwembamba hata jicho haliuoni, ili uchafu usishike na jua lisipotee bure. Mimi nilikuwa mtu wao wa mtaani. Kila asubuhi nilitoka kwangu mtaa wa Kawangware 56 nikaenda kijiji cha Raila, kule Kibera, nikapanda juu ya mabati kukagua paneli za kampuni. Baada ya miezi minane nikagundua jambo ambalo watu wa maabara wasingelijua. Uchafu wa Kibera si vumbi tu. Ni masizi ya makaa yaliyochanganyika na mafuta ya mandazi na ya samaki, na hata mvua ikinyesha hayatoki. Nikaandika kurasa nne, nikampa mkuu: dawa ifukuze mafuta pia, si maji peke yake. Nikaeleza hata namna ya kuichanganya.

Mkuu alizisoma kurasa zangu mbele ya wenye kampuni, hotelini, kama zake. Nilipoinua mkono kusema zilikotoka, akacheka.

"Huyu? Huyu ni wa kupanguza paneli tu."

Wakacheka naye wote. Siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima, vilinibana, na mpaka leo nakumbuka yale maumivu ya vidole kuliko sura ya mtu yeyote mle ndani. Nilimchukia papo hapo, kikombe cha chai yao kikiwa mkononi.

Dawa mpya ikatengenezwa, yakaja majaribio. Tulifunga paneli mbili juu ya nyumba ya mama mmoja wa Kitui, mshonaji wa sare za shule pale Raila. Moja ilikuwa imepakwa dawa. Nyingine ilikuwa tupu, na hiyo ilikuwa marufuku kuiosha. Ichafuke ipendavyo, ndipo tofauti ionekane. Katikati tukaweka kikompyuta kilichokula umeme kidogo kuliko redio, kikisoma paneli zote mbili kutwa nzima. Umeme wenyewe uliendesha mota ya cherehani ya yule mama, magoti yake yakapumzika kukanyaga. Akaahidiwa kwamba dawa ikifaulu, paneli zote mbili zitabaki kwake.

Wiki ya pili nikamkuta amesimama juu ya stuli na maji ya sabuni, anaipanguza ile tupu.

"Mathe, si tulisema hiyo isiguswe?"

"Aai, msichana wangu! Wageni wenu wanakuja leo, wapate uchafu juu ya nyumba yangu? Ile ingine mlisema inajiosha yenyewe. Hii nayo haina mtu."

Kwake, mgeni kukuta uchafu ni aibu, hata ukiwa juu ya bati. Kazi yangu ilikuwa kumweleza, kisha kuripoti, majaribio yaanze upya. Nilifungua mdomo. Nikakisikia tena kile kicheko cha hotelini.

"Siku hizi wanakuja bila kupiga simu," nikamwambia. "Afadhali upanguze kila asubuhi."

Kesho yake nikamletea kitambaa laini. Mkuu si alitaka mpanguzaji? Nikampa hodari kuliko wote Kibera.

Kwa miezi mitatu mistari miwili ya grafu ilipanda na kushuka pamoja kama mapacha. Dawa ilikuwa inafanya kazi, na nililijua hilo kuliko yeyote, maana ilikuwa yangu. Lakini kikompyuta hakijui habari za kitambaa. Kilisema paneli ya dawa haina tofauti na ile tupu, basi. Mkuu alisimama katika hoteli ile ile, akaulizwa maswali, akabaki kupekua zile kurasa nne. Mimi nilikaa nyuma na viatu vyangu mwenyewe, nikala sambusa tatu. Nilifurahi, sitadanganya. Mradi ukafungwa, naye akafukuzwa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Hawakusema kwamba anaweza kumtumbukiza jirani.

Nilitumwa mimi kwenda kuzifungua paneli. Yule mama alinishikia stuli. Hakuuliza habari za ahadi. Ndani, cherehani ilikuwa kimya, na chini ya sindano kulikuwa na kaptura ya shule iliyoshonwa mguu mmoja. Niliposhuka na ile paneli tupu, safi kama sahani ya Krismasi, akatoa kitambaa changu kwenye aproni, akapanguza mahali nilipoacha alama za vidole.

"Niambie ukweli, msichana wangu," akasema. "Sikupanguza vizuri?"

Nikamwambia alipanguza vizuri sana. Akatabasamu, akateleka chai, maana kwake mgeni haondoki hivi hivi.