Metroni Aliyetaka Kuulizwa Maswali

Nilipangiwa kazi upande wa Kahama miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea mwisho. Nilitokea Songea, na ukishapita Tabora sikuwa namjua mtu hata mmoja. Hospitali ilikuwa ndogo, ya bati na kuta za chokaa, na uwanja wake ulijaa ndugu wa wagonjwa waliokuja na kuku, sufuria na mikeka. Wagonjwa walizungumza Kisukuma, wachache Kisumbwa. Kiswahili walikiweka kwa ajili ya mgeni, na mgeni nilikuwa mimi.

Wenzangu wakimaliza zamu walirudi kwa waume zao na watoto. Mimi nilirudi kwenye chumba changu katika nyumba ya wauguzi, nikawasha jiko la mafuta ya taa kama mafuta yamepatikana, nikapika ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja ni mgumu kupika. Kila mara unazidi au unapungua. Waliniita Mngoni, bila ubaya wowote, lakini miezi ilipita nisisikie mtu akinitaja kwa jina nililopewa na baba yangu.

Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa metroni, mkuu wa wauguzi wote. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Ushirombo, aliyesomeshwa na masista wa misheni tangu enzi za Mwingereza. Hakuolewa wala hakuzaa. Hapakuwa na jina la mtoto la kumwitia, kwa hiyo watu walimwita Mama Metroni, na yeye akaitika. Mganga mkuu alikuwa juu yake kwa cheo, lakini kila mtu alijua nani anaiendesha hospitali. Yeye ndiye aliyeamua nani alale wodi ipi, shuka zifuliwe na majivu sabuni ikikosekana, sindano zichemke kiasi gani kabla hazijagusa mtu. Alipita wodini asubuhi kabla ya daktari yeyote, akainama, akapitisha kidole chini ya kitanda, akakitazama.

"Dawa tutakosa," aliniambia siku ile ya kwanza. "Pamba tutakosa. Maji ya kunywa hatukosi. Mgonjwa akikuomba maji mara mbili, mara ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Nimeelewa, mama."

"Utaelewa ukishalala kitandani wewe mwenyewe. Kwa sasa yashike tu."

Nilimwogopa mwaka mzima. Halafu Jumapili moja baada ya misa akaniona nimesimama peke yangu nje ya kanisa, wengine wote wakisalimiana kwa makundi. Akaniita kwa mkono. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya hospitali, ina vyumba viwili na baraza. Alinipa chai ya tangawizi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, akavichanganya na karanga. Hatukuzungumza mengi. Jumapili iliyofuata nilikwenda tena, na hatimaye ikawa desturi. Wanawake wawili wasio na mtu tulikaa barazani, tukasikiliza ng'ombe wakirudi kutoka malishoni. Nikitazama nyuma leo, sidhani kama kuna mahali katika nchi ile nilipojisikia nimefika nyumbani isipokuwa pale.

Ilianza kidogo kidogo. Siku moja nilimkuta amesimama mlangoni mwa stoo, funguo mkononi, akitazama rafu.

"Nimefuata nini huku?" akaniuliza.

"Labda bandeji, mama. Wodi ya wanaume walikuwa wanataka."

"Bandeji. Ndiyo." Akaingia, akatoka na chupa ya dawa ya vidonda.

Tulicheka wote wawili. Nani hasahau? Lakini baadaye akaanza kuniuliza kama mama yangu amepona, wakati mama alikwisha kufariki, na yeye ndiye aliyenisindikiza hadi kituo cha basi nikienda mazishini. Nilimjibu kwamba amepona. Wiki iliyofuata akaniuliza tena. Kisha kulikuwa na mtoto mmoja mwenye malaria aliyekwisha kupewa dawa, na metroni akaja na dozi nyingine ile ile, ameshaimimina kwenye kijiko. Nilimshika mkono. Mama wa mtoto alituangalia mmoja baada ya mwingine. Metroni alirudisha kijiko kwenye sahani, akatoka nje, akasimama juani kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nikawa namfuata nyuma. Alichoagiza nilikihakikisha, alichosahau nilikimaliza. Wenzangu waliona, na baadhi yao walisaidia kimya kimya, kwa sababu walimpenda. Lakini kule kwenye karo za kufulia nilisikia maneno mengine. Mhudumu mmoja alimwambia mwenzake, "Yule mama siku hizi macho mekundu. Jana kaingia kwangu bila hodi, kasimama tu." Mwenzake akauliza, "Na hakuzaa?" Wakanyamaza waliponiona. Aliyeishi Usukuma miaka ile anajua macho mekundu ya mwanamke mzee yalivyoitwa ya mchawi na kuweza kumfikisha pabaya.

Wakati huo huo alikuja daktari kutoka chuo kikuu, Mtanzania, kijana bado, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa anafanya utafiti juu ya kusahau kwa wazee, na juu ya huduma wanazopata wakija hospitalini, maana alisema wengi hurudishwa nyumbani wakiambiwa ni uzee tu. Alitaka muuguzi wa kuzunguka naye vijijini. Mganga mkuu akanichagua mimi.

"Wewe huna mtu anayekusubiri nyumbani," alisema, akidhani ananisifu.

Tulikwenda vijiji kadhaa kwa Landrova. Kisukuma changu kilikuwa kimeshakua kiasi cha kuuliza na kuelewa jibu. Tuliwauliza wazee siku gani leo, mvua za mwisho zilikuja lini, mwenyekiti wa kijiji ni nani. Tulitaja maneno matatu, tukazungumza mengine kidogo, kisha tukawaomba wayarudie. Wengine waliyarudisha yote na kutuuliza kama tumemaliza, wanataka kwenda shamba.

Huko Samuye tulimkuta bibi mmoja amehamishiwa kibanda cha peke yake, mbali na nyumba za wanawe. Alikumbuka neno moja. Alipoona nimechuchumaa karibu naye alinishika kidevu, akaniita kwa jina la binti yake. Mkwe wake alisimama mbali, amekunja mikono.

"Anatembea jioni," akasema. "Anaingia kwa watu. Watu wanasema."

Daktari aliomba mkwe na mumewe waje karibu. Alizungumza nao polepole, mimi nikitafsiri. "Macho huzeeka, magoti huzeeka, na ubongo nao huzeeka. Kwa wengine unazeeka pole pole, kwa wengine unachakaa haraka, mtu akaanza kupotea akiwa palepale kwake. Huyu haendi kwa watu kwa ubaya. Anatafuta nyumba yake."

"Dawa yake?" mume akauliza.

"Hakuna dawa."

Mume alitazama kile kibanda. Mimi nilikuwa namtazama daktari, na maneno yale yalikuwa yananiingia kama yanaambiwa mimi. Kwenye gari nilimweleza habari za metroni. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta. Aliniambia nisimpinge akikosea jambo dogo, nimwondolee mbali dawa na moto, na mtu asiachwe peke yake. Hilo la mwisho alilirudia.

Jumapili niliyorudi nilikwenda barazani kama kawaida. Nilikuwa sijamwambia lolote. Alinimiminia chai, kisha akasema, "Hayo maswali mnayowauliza wazee, niulize na mimi."

"Mama, wewe huna haja ya kuulizwa."

"Sikukuomba maoni. Niulize."

Nilitaja ng'ombe, mlango, mvua. Akayarudia vizuri. Nikamuuliza ni mwezi gani.

"Tarehe huwa naangalia kalenda ofisini." Akafikiri. "Pasaka imepita?"

"Imepita zamani, mama. Krismasi iko karibu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua hilo muda wote. Nikamuuliza habari za kaka yake, za misheni alikosoma, na hayo aliyajibu kwa furaha, hadi rangi ya magauni ya masista. Kisha nikamwomba yale maneno matatu.

"Ng'ombe," akasema mara moja. Kuku walikuwa wanachakura chini ya ngazi, akawatazama. "Kulikuwa na mengine?"

"Mawili."

"Usiniambie."

Nikangoja. Chai ikapoa. Nilitamani niondoke, nilitamani aseme neno lolote hata kama si lenyewe.

"Haya, niambie."

"Mlango na mvua."

"Hukuyasema hayo." Akanitazama usoni, akasoma alichokiona. "Uliyasema?"

"Niliyasema, mama."

Alikaa na mikono mapajani, ile mikono iliyokuwa haitulii. Baadaye akasema, "Kijiko cha yule mtoto nakikumbuka. Mengine yanakwenda, kile hakiendi." Kisha akasema jambo nililolibeba miaka yote. "Nimewatunza watu mpaka nimezeeka. Sasa nikiwa mzigo, nitakuwa mzigo wa nani?"

"Wangu," nikamwambia. "Utakaa nami."

"Wewe ni mtumishi wa serikali. Wakikuhamisha kesho?"

Nilikusanya vikombe, nikaenda kuviosha.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu, akaweka funguo mezani, akasema hatazishika tena. Mganga mkuu alimwomba afikiri kwanza, apumzike, achukue likizo. Akamjibu, "Leo nimefikiri. Kesho huenda nisiweze." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipotoka alinipita akatembea wodi zote, kitanda kwa kitanda, akisalimia. Hakuaga mtu, na wagonjwa hawakujua.

Nilimsindikiza Ushirombo kwa basi, tukiwa na sanduku moja, picha ya Bikira Maria na godoro lililofungwa kamba juu ya keria. Njiani alitulia. Mara moja aliniuliza tunakwenda kumwona mgonjwa gani. Nikasema tunakwenda kuwaona ndugu. "Vizuri," akasema, na akalala begani kwangu.

Kaka yake alikuwa ameshafariki, lakini mtoto wa kaka alitupokea. Alikuwa mkulima wa mpunga na pamba, mwenye nyumba iliyojaa watoto. Niliwaeleza yote kama daktari alivyonieleza mimi. Akiuliza jambo mara ya pili, wamjibu kama ndiyo mara ya kwanza. Akitoka, mtu atoke naye. Na akitokea wa kuwaambia habari za uchawi, wasimsikilize. Mke wa yule mkulima alisikiliza akipepeta mchele. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Mama mkwe wangu alikuwa hivi hivi," akasema. "Tulimfungia ndani, tukifikiri ndiyo kumlinda. Alikufa akigonga mlango." Akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Huyu hatutamfungia."

Nilirudi Kahama peke yangu. Nyumba ya nyuma ya hospitali alipewa metroni mpya, mama mwenye mume na watoto wanne. Barazani pakaanikwa nepi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilishuka hadi kwetu. Nilianza kuona vikombe vikavu kando ya vitanda. Nilisema kwenye kikao, wakakubali, wakaandika, na mambo yakaendelea. Jumapili baada ya misa nilienda moja kwa moja chumbani kwangu. Matokeo ya utafiti ule sikuyaona. Daktari alikuwa ameahidi kuyaleta. Sina shaka alikusudia kweli, lakini miaka ile petroli ilikuwa shida, na Dar es Salaam ilikuwa mbali.

Nilimtembelea Ushirombo mara moja baada ya mavuno. Nilimkuta kivulini mwa nyumba akibangua karanga pamoja na wajukuu, amenenepa kidogo, kanga yake safi. Nilipiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu aliyeingia kuuliza njia. "Umetoka wapi?"

"Kahama, hospitalini."

"Ah. Huko wanafanya kazi nzuri?"

"Wanajitahidi."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akasogeza miguu kunipa nafasi kwenye mkeka. Nikakaa, nikabangua naye hadi jua likageuka. Mke wa mkulima aliniambia kwamba huwa anatoka alfajiri kuwatazama watoto wamelala, mmoja mmoja, kisha anarudi kitandani. Hawamzuii.

Habari ya kifo chake niliipata kwa mgonjwa aliyetoka kule, mwezi baada ya mazishi. Nilikuwa nagawa dawa za mchana. Nikamshukuru kwa kuniambia, nikamaliza safu ya vitanda iliyobaki.

Mwaka huo niliomba uhamisho. Nilitaka kurudi kusini, wakanipeleka Geita, zahanati iliyokuwa karibu na machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa. Kila siku waliletwa vijana waliovunjika ndani ya maduara, yale mashimo wanayoshuka kwa kamba, au wenye vifua vilivyojaa vumbi. Walikuwa wacheshi, walinitania, waliniita bibi nikiwa bado sijafika miaka arobaini. Ilinichukua muda kugundua kilichokuwa kinanisumbua pale. Watu wote walikuwa vijana. Hapakuwa na mzee wa kusahau wala wa kukumbushwa, kila mmoja alikuwa amemwacha wake mahali fulani nyuma. Siku moja nilimuuliza kijana niliyekuwa namfunga mkono kama mama yake yupo.

"Yupo, Maswa," akasema. "Amezeeka."

"Nani anakaa naye?"

Akatazama mlango, akainua bega la upande usioumia. "Majirani," akasema. "Nadhani majirani."