Ndoana au Utupa

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia ilianza saa kumi na nusu alasiri, Jumatano, katika msikiti mdogo wa makuti uliokuwa Temeke, upande wa kwenda Mtoni. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma, na magazeti yalikuwa yakileta habari za bomu jipya, kubwa kuliko yale mawili yaliyoangushwa Japani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kila siku hadi saa tisa nilikuwa nikipanga mizigo katika ghala moja mjini, kisha nikirudi mbio, maana nilikuwa msomaji katika darsa ya Sheikh Mbwana.

Nikueleze kwanza kazi ya msomaji. Sheikh hushika kitabu, na msomaji hushika nakala nyingine ya kitabu hicho hicho. Msomaji husoma sentensi ya Kiarabu, hunyamaza, na Sheikh huitafsiri na kuifafanua kwa Kiswahili. Akimaliza husema, "Soma," na msomaji huendelea. Msomaji hana neno lake mwenyewe pale. Hata hivyo niliipenda nafasi ile kuliko mshahara wangu. Shule niliiachia darasa la nne, na mkekani pale ndipo nilipojifunza kulifuata wazo moja mpaka mwisho wake bila kurukaruka.

Sheikh Mbwana alisikilizwa. Watu walitoka Buguruni na Keko kuja kumsikiliza, na wengine walitoka Kinondoni kwa baiskeli. Alikula kwa kushona kofia, hakutaka kulishwa na mtu. Hukumu yake ikitoka, hakuna aliyetafuta nyingine.

Siku ile tulifika katika mlango wa vita. Kitabu kilitaja manjaniki, yaani mtambo wa zamani wa kurusha mawe makubwa kwenye mji uliozingirwa. Wanachuoni waliuruhusu, ingawa jiwe huweza kumwangukia mtu asiyepigana. Mzee Feruzi, muuza mkaa aliyependa sana habari za magazeti, akauliza, "Na hili bomu la Mmarekani, Sheikh, lina hukumu gani?"

Sheikh hakusita. "Hukumu yake ni ya manjaniki. Ni jiwe kubwa zaidi, basi. Lile la Japani lilimaliza vita, na waliosalimika kwa sababu yake ni wengi kuliko waliokufa. Soma."

Sikusoma.

Ili uelewe nilichofanya badala ya kusoma, lazima nikurudishe nyuma kidogo. Kiangazi kilichotangulia, vijana wa Mtoni walikuwa wakivua kwa utupa katika Mto Kizinga. Utupa ni mmea. Majani yake yakipondwa na kutiwa majini, samaki hulewa na kuelea, wakubwa kwa wadogo, hata wale wasioliwa. Sheikh alikwenda mtoni kwa miguu yake akawakataza, nami nilikuwa nimefuatana naye. Aliwaambia, "Ndoana ikimnasa usiyemtaka, imekosea, nawe umesamehewa. Utupa haukosei, kwa sababu haulengi." Maneno yale yalinikaa. Niliyarudia njia nzima wakati wa kurudi.

Basi alasiri ile niliinua uso kutoka kitabuni, nikasema, "Sheikh, bomu hili ni ndoana au ni utupa?"

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Mzee Feruzi akasema, "Huyu kasoma gazeti la jana, leo anataka ukadhi." Wachache wakacheka, wakaacha walipoona Sheikh hacheki. Mtu wa nyuma akanikemea, "Watu si samaki, we kijana. Shika adabu yako."

Sheikh alinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali ambapo hakutazamia kujulikana. "Soma," akasema. Nikasoma.

Ilikuwa desturi darsa ikiisha kila mwanafunzi amwendee Sheikh, ampe mkono na kuubusu wa kwake. Nilipofika mimi, aliinama kutafuta makubadhi yake, akayatafuta kwa muda mrefu, ingawa yalikuwa mbele yake. Nikapita. Watu wote waliona.

Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imekwisha kufika. Baba yangu hakunipigia kelele. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalinitia hofu zaidi. "Kumsomea kitabu atapata mwingine," aliniambia. "Lakini mwalimu akifa na kinyongo juu yako, hayo uliyoyasoma utayapeleka wapi? Nenda kaombe radhi."

Nisingependa ulione hilo kuwa jambo dogo. Kwetu sisi, elimu isiyo na radhi ya mwalimu ni kama haipo. Nisingeweza kufundisha hata mtoto mmoja alifu, na darsa nyingine isingenipokea. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, nami nilikuwa nimemuumiza.

Nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Nilimkuta barazani kwake akishona kofia. Uani mtu alikuwa akipasua kuni.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Radhi ya nini?"

"Ya swali, Sheikh."

"Umeliacha?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipobanwa. Neno moja tu lingenirudishia kila kitu, na nilikuwa nimelitayarisha tangu nyumbani. Lakini yule aliyekuwa akiniuliza ndiye aliyenifundisha kwamba uongo wa adabu nao ni uongo.

"Sikuliacha," nikasema.

"Sasa waomba radhi ya kitu ambacho bado umekishika?"

"Naomba radhi kwa kukuuliza mbele za watu, tena kwa maneno yako mwenyewe. Swali lenyewe bado ninalo. Nikisema sina, nitakudanganya."

Alishona duru nzima ya kofia. Kisha yule mtu wa kuni akatokea mlangoni, shoka mkononi, jasho likimtoka. Alikuwa Salumu, mwanawe wa pekee, aliyepigana Burma katika jeshi la Mwingereza.

"Baba, ndiye huyu aliyewaita watu samaki?"

"Ndiye. Mletee maji."

Salumu akacheka akaingia ndani. Sheikh alimtazama mpaka alipopotea, na aliponigeukia sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwaka ule wa mabomu huyu alikuwa India na wenzake, wakingoja kurudishwa mbele. Wawili wa mtaa huu walikuwa wameshakufa. Mama yake alikuwa akimlilia naye yu hai. Siku iliposemwa kwamba Mjapani ameweka silaha chini, nilisujudu pale pale nilipokuwa nimesimama, kwenye vumbi. Sikuuliza ameziweka kwa nini. Nilipoambiwa baadaye, sikuweza kuirudisha sijda yangu. Tangu siku ile naitafutia kitabuni dalili ya kuihalalisha."

Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani kwamba nimegombana na hukumu. Kumbe nilikuwa nimegusa furaha ya mzazi.

"Radhi ya namna ulivyouliza, nimekupa," akasema. "Ya swali sikupi, kwa sababu hukuiomba." Akanipa mkono, nikaubusu. "Jumatano uje mapema. Tutarudi nyuma ukurasa mmoja."

Katika vitabu vile vya fikihi kuna desturi ya uandishi. Mwandishi akiona pingamizi linaloweza kuletwa, huliandika mwenyewe. Huanza, "Ikisemwa kadha wa kadha," na baada yake huandika, "Tutasema," akatoa jawabu. Mwanafunzi huzoea mizani hiyo hata sikio lake likisikia "ikisemwa," linakaa kungoja "tutasema."

Jumatano nilisoma tena sentensi ya manjaniki. Sheikh akaifafanua kama alivyoifafanua wiki iliyopita, hakupunguza neno. Mzee Feruzi akanitazama kwa pembe ya jicho, ameridhika. Kisha Sheikh akaendelea.

"Na ikisemwa: manjaniki hulenga ukuta, na jiwe likimpata mtoto, limekosea. Bomu hili linaulenga mji wenyewe, na mtoto yumo ndani ya shabaha. Basi vipi litachukua hukumu ya manjaniki?"

Alilisema swali langu vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Akanyamaza. Tulingoja. Mtu mmoja alikohoa. Mwishowe Mzee Feruzi hakuweza kuvumilia.

"Tutasema nini, Sheikh?"

"Mie sijasema 'tutasema'," Sheikh akajibu. "Soma."

Hakuibadili hukumu yake, siku ile wala baadaye. Lakini kila alipoufundisha mlango ule, mpaka alipofariki, alilitaja na swali lile, akaliacha wazi. Vijana wengi wa Temeke walijifunza hukumu na swali kwa pamoja, wasijue swali lilitoka kwa nani. Mimi nilibaki msomaji wake.

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na nimesoma niliyoweza kuyapata juu ya mabomu yale. Bado nasema Sheikh wangu alikosea. Mji si ukuta, na anayeulenga mji hawezi kusema baadaye kwamba watoto wameingia kwa bahati mbaya. Lakini nasema pia kwamba furaha yake kwa kurudi kwa Salumu ilikuwa halali. Alipotelea pale alipoitoa furaha hiyo moyoni mwake na kuitangaza kuwa sheria kwa watu wengine, wakiwamo wazazi wa Japani ambao wao hawakurudishiwa mtu.

Kwa hiyo, mwanangu, utakapomsikia mtu unayemheshimu akihalalisha jambo ambalo dhamiri yako inalikataa, usimdharau na usijidharau. Jiulize kwanza ni nani anayempenda na ni nini alichokaribia kukipoteza, maana mara nyingi hukumu nzito huanzia hapo. Kisha mpelekee swali lako, na kama unaweza, mpelekee barazani kwake kabla ya kumpelekea mbele za watu. Omba radhi kwa ukali wa ulimi wako. Usiombe radhi kwa swali ambalo bado unaliamini, hata kama neno moja la kuliacha lingekurudishia kila kitu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kitabu na vijana wamekuzunguka, uwe na moyo wa kusema "ikisemwa," na pale usipokuwa na jawabu, unyamaze.

Mwenyezi Mungu akupe mwalimu unayeweza kumpenda, akupe ujasiri wa kumwuliza, akurudishie salama kila uliyemmwagia machozi, na asikufanye ushukuru kwa msiba wa mwenzio. Amin.