Nywele za Chausiku

Watu wakimuuliza Sufiani anafanya kazi gani, naye akawajibu, huanza kujikuna. Kwa miaka ishirini na tisa amekuwa akilea fangasi katika maabara ya chuo kimoja mjini Morogoro: wa mapunye, wa choa, wa kucha, na wengine wengi wasiomdhuru mtu. Wote hutoka kwenye udongo. Huweka kijiko cha udongo kwenye kisahani cha kioo, hulowesha kidogo, hutandaza juu yake nywele zilizochemshwa, hufunika, husubiri. Baada ya wiki chache nywele huota manyoya meupe, au ya rangi ya chai ya maziwa. Udongo wa bandani kwa kuku una aina zake, wa uwanja wa mpira zake, wa migombani zake. Asubuhi ukungu wa Uluguru ukifika madirishani, Sufiani huinama juu ya visahani akidhani umeingia na humo, na chai yake hupoa.

Nyumbani ana kikopo cha bati. Ndani mna nywele za mkewe, Chausiku, alizonyolewa alipougua. Chausiku alizikwa kwao Matombo miaka miwili iliyopita. Nywele Sufiani alizificha.

"Baba, nywele za marehemu hazikai kabatini," binti yake Nasra humwambia kila Ijumaa. "Zizikwe."

"Nitazizika, mwanangu."

Hazizikwi. Anajua mno udongo unavyozifanya nywele, ndiyo taabu yake.

Mwaka huu visahani viligoma. Ahmadi, kinyozi anayewapa nywele, siku hizi vichwa karibu vyote anavipaka rangi nyeusi, na fangasi, wajeuri hao, walizisusia. Daktari Jastin, mtafiti mwenye kazi hiyo, alikata tamaa. Kilibaki kijiko kimoja tu cha udongo, wa Matombo, kutoka nyuma ya banda la kuku la mama mkwe wake Sufiani.

"Mzee, huu nao tuutupe tu," alisema Jastin.

"Niachie, Daktari. Nitatafuta nywele safi."

Kesho yake alikuja na kikopo mfukoni. Alichomoa nywele kumi, akazichemsha mwenyewe, akazitandaza juu ya udongo moja moja. Aliona haya, kana kwamba amemsaliti mkewe.

Siku ya kumi na tisa alifunua. Nywele zilikuwa zimevaa weupe laini, mwanzo hadi mwisho. Jastin aliweka jicho kwenye hadubini, akapiga kelele kwa furaha: aina tatu! Sufiani hakumsikia. Miaka miwili yote aliogopa kwamba udongo ungemla Chausiku wake kwa pupa. Kumbe unakula hivi, polepole, kwa adabu, na kwanza unamvisha.

Jumamosi alikwenda Matombo na Nasra. Alimwamkia mama mkwe wake, akazunguka nyuma ya banda la kuku, akachimba, akamimina nywele zote zilizobaki, akafukia.

"Umewezaje leo, Baba?" Nasra aliuliza.

"Nimeona kwao wanavyompokea."

Mama mkwe wake alimletea maji. Sufiani alinawa kwa sabuni mara mbili, mpaka viwikoni, kama alivyozoea kazini, kisha akalia.